Mtungi Tusioruhusiwa Kuugusa

Shinyanga, 6 Machi 1966

Shikamoo Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Ushirombo, wewe na mwanangu Sikujua. Mimi sijambo, ila mgongo unauma kwa kufua.

Nyumba hii ya Mhindi mwenye kiwanda cha pamba ina mtungi wa maji nisioruhusiwa kuugusa. Nilidhani ni kwa kuwa mimi Mwafrika. Juzi nikamwona fundi mitambo waliyemleta kutoka India, Bwana Kashinath, naye akimiminiwa maji viganjani kama mimi. Nikamwuliza, "Wewe si Mhindi mwenzao?"

"Ukoo wetu hauguswi," akasema. "Wahindu wengi husema mtu huzaliwa ndani ya tabaka lake na kufa ndani yake. Budha naye alifundisha kwamba tunazaliwa upya, lakini akasema ubora wa mtu ni mwenendo wake, si tumbo lililomzaa. Miaka kumi iliyopita kijiji chetu kizima kiliingia dini yake siku moja."

"Na hapa?"

"Hapa wameuliza jina la ukoo tu."

Pasipoti yake anayo tajiri. Mkataba umebakiza miaka miwili, na hatoki langoni bila ruhusa.

Baba, hilo neno la tumbo haliniachi. Sikujua bado anakula peke yake jikoni?

Binti yako,
Coletha

Ushirombo, 11 Aprili 1966

Mwanangu Coletha,

Marahaba. Sisi wazima, mvua tu ndiyo imezidi.

Jihadhari na huyo mtu. Padre anasema Budha hakuhubiri Muumba. Alifundisha kwamba maisha ni mateso, na mateso hutoka kwenye tamaa. Sawa, lakini dhambi atasamehe nani?

Kuhusu mtoto, mimi ni katekista. Nikiketi mezani na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, nitawafundisha watu nini? Anakula, anavaa. Usiniulize tena.

Baba yako,
Alois

Kolandoto, 19 Juni 1966

Shikamoo Baba,

Habari za huko? Mimi mzima, ila kazi sina tena.

Jumanne Bwana Kashinath alitoka mtamboni koo limemkauka, akachota mtungini mwenyewe. Mtoto wa tajiri akampiga, akauvunja mtungi. Bibi mzee wa nyumba akamkemea: "Vitabu vyetu vinasema Mungu yumo ndani ya kila kiumbe. Umempiga nani?"

"Na mila, bibi?"

Bibi akakaa chini, akaanza kuokota vigae.

Nilipeleka barua ya fundi ya kudai pasipoti yake kwa afisa mmoja wa serikali. Akasema mkataba ni mkataba. Tajiri akapata habari, jioni nikafukuzwa. Fundi bado yumo ndani ya lango.

Nimejihifadhi kwa rafiki yangu Nyamizi. Nataka kurudi nyumbani, lakini si kuja kula jikoni na mwanangu. Nijibu, Baba.

Binti yako,
Coletha

Ushirombo, 2 Novemba 1966

Mwanangu Coletha,

Salamu nyingi. Afya ipo. Nimekuandikia mara tatu nikachana.

Jumapili wazee wa kanisa walikuja kula kwangu. Nikamwita Sikujua mezani mbele yao. Wawili wakanyanyuka, wakaondoka. Nimeambiwa nisifundishe mpaka Padre aamue. Hilo nitalivumilia.

Lakini mtoto hakuja. Alisimama kizingitini na sahani yake, akasema, "Babu, mimi ni wa huku." Nikamvuta mkono, akalia kama ninampeleka kupigwa.

Sasa mimi ndiye ninayekwenda kula jikoni. Ananipa mgongo.

Njoo mwanangu. Mimi haniamini.

Baba yako,
Alois