Jogoo Aliyeliwa na Mwinjilisti Wetu

Mbagala Charambe,
Dar es Salaam.
Jumatatu, baada ya vipindi vya shule.

Baba mpendwa,

Shikamoo sana. Nakuandikia nikiwa mzima, nikitumaini kwamba goti lako limetulia na mvua za Tukuyu zimekuachia walau siku moja mbili za kuanika maharage. Mama mdogo hajambo? Na mdogo wangu Allen, bado anafuga nywele au umeshamkamata? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mkweo Gaspar anakusalimu. Bado yuko kwenye yadi ya makontena kule Kurasini, anatoka nyumbani alfajiri na kurudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Joto la huku usiniulize.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Tatizo ni kwamba ukipiga simu, Allen anaongeza sauti ili usikie vizuri, basi na majirani wote wanasikia. Maneno haya nataka uyasome mwenyewe, umevaa miwani yako, umekaa mahali penye mwanga.

Ulipopiga mwezi uliopita ulikuwa mkali. Ulisema umesikia kuwa mwinjilisti wetu amerogwa na yuko kufani, kwamba kanisa letu limejengwa mdomoni mwa mganga, na kwamba mimi niliyekwisha kuzika watoto wawili nisikae kusubiri kuzika wa tatu, nifungashe virago nirudi nyumbani. Sikujibu. Nilikuwa nalia, wewe ukadhani mtandao umekatika. Leo nakujibu, ila kwanza nataka umfahamu huyo mama, maana aliyekuletea habari alikuletea nusu.

Anaitwa Kokuberwa, Mhaya wa Kamachumu, mjane. Usharika ulimtuma kuanzisha kanisa hapa Charambe, na kanisa lenyewe ni banda la mabati na mabenchi ambayo Gaspar na wenzake waliyatengeneza kwa mbao za makasha ya bandarini. Ni mrefu, ana sauti nzito, na anatuchosha kwa kusifu kwao: Kwetu Kamachumu ndizi haichemshwi hivyo. Kwetu Kamachumu nyimbo huimbwa kwa sauti nne, siyo huku kulialia. Tunamcheka, naye anacheka, kisha anarudia. Lakini Baba, sijaona mtu anayependa watu namna ile. Msiba ukitokea, uwe wa Mkristo au wa Mwislamu, utamkuta jikoni anamenya viazi na akina mama hadi matanga yaanuliwe. Mimba yangu ya pili ilipotoka, wengine walikuja na mistari ya Biblia. Yeye alikuja, akachukua mashuka yangu yote na damu yake, akayafua, akayaanika, akaenda zake. Siku ile nilijua nina dada mjini hapa.

Sasa, ng'ambo ya barabara kuna mtu anaitwa Polikarpo, Mmakonde aliyebatizwa tangu utoto wake kule kusini, lakini ni mganga. Kibao chake kimepigiliwa kwenye nguzo ya umeme: anarudisha mpenzi, anazindika nyumba, anang'arisha nyota. Kanisa lilipofunguliwa, biashara yake ilianza kuyumba. Wala hatukumfanyia kitu. Ni kwamba anayekwenda kwa mganga hapendi kuonekana, na wateja wake walilazimika kupita mbele ya kwaya inayofanya mazoezi mlango wazi. Polikarpo akaanza kutangaza kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba tusubiri tuone nani atahama.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Mwinjilisti alifika mapema kufagia kama kawaida yake, akamkuta jogoo mweusi mlangoni, amefungwa miguu kwa kitambaa chekundu kilichoshonewa simbi, vile vigamba vyeupe vya baharini. Baba, mtu yeyote aliyekaa Mbagala hata wiki moja angejua ni nini, angezunguka upande wa pili na kuita watu. Lakini kwao Kamachumu, mtu asiye na muda wa kukaa ibadani, au anayeona haya kwa udogo wa sadaka yake, huiacha mlangoni mwa kanisa kabla ya kengele, bila jina. Basi mama wa watu akashukuru! Akakata kile kitambaa, akakitupa kwenye taka, akamnywesha jogoo maji, akamweka pamoja na mihogo, mayai na nazi za sadaka.

Mnada wa baada ya ibada unaujua. Asiye na fedha analeta alichonacho, mwenye fedha anakinunua, wote wamemtolea Mungu. Mnadishaji wetu ni Mzee Kornelio, mzee wa kanisa, fundi wa maneno kwelikweli. Akauza mihogo, akauza nazi, tukacheka. Alipomwinua jogoo akaona nyuzi nyekundu zimebaki mguuni, akamwachia kama aliyeshika kaa la moto. Mwanakwaya mmoja akanong'ona kuwa yule ni wa Polikarpo, na minong'ono ikatembea. Gaspar alinifinya mkono mpaka ukabaki na alama. Hakuna aliyetaja bei.

Mwinjilisti, aliyekuwa mbele akipanga mayai, akauliza kama siku hizi kuku nao wanatenda dhambi. Kisha akamnunua yeye mwenyewe, akatukaribisha wote chakula cha mchana. Hakwenda mtu. Nasikia alimpika na ndizi, akala, akamaliza, akajilaza.

Wiki nzima mtaa ulikuwa unamwangalia tu. Akipita sokoni watu wanageuka. Hakuumwa hata kichwa. Basi sifa zikaanza, zote nyuma ya mgongo wake. Mwalimu wa kwaya akatunga wimbo mzima kuhusu jogoo wa giza aliyekwenda kinywani mwa shujaa wa imani. Hata Gaspar, ambaye hana maneno mengi, alisema yule mama ana moyo wa simba.

Halafu akaugua. Homa ilimchukua ghafla, tumbo likavimba, tukamkimbiza hospitali. Daktari alisema ni homa ya matumbo, tena imetoboa utumbo, wakampasua siku hiyohiyo. Hapo ndipo habari iliyokufikia ilipozaliwa. Watu walisahau neno la daktari kabla hatujatoka getini. Jogoo, jogoo, jogoo! Jumapili iliyofuata mabenchi yalikuwa matupu, ungeweza kulaza mtu kwenye kila moja. Polikarpo hakuhitaji kusema kitu, alivuta kiti chake akakaa kibarazani, na wateja wakarudi. Mzee Kornelio alitaka tufunge mlango mpaka mchungaji aje kuliombea eneo. Gaspar akapiga simu kwa ndugu yake wa Kinondoni kutafuta chumba, akaanza kupanga vyombo kwenye maboksi.

Mimi nilikwenda kumwona. Nilimkuta amekwisha, mpira puani, midomo imekauka. Nilimwomba kitu kimoja, Baba. Nilimwomba aniambie kwamba Mungu amemhakikishia atapona, ili niwapelekee wenzangu neno hilo liwarudishe. Alikataa. Alisema hakuambiwa, na hawezi kumsemea Mungu asichosema. Akasema alichokijua ni kwamba Polikarpo ni kiumbe, na jogoo ni kiumbe, na hakuna hata mmoja wao aliyekabidhiwa ufunguo wa uhai wake. Akinyanyuka, ni Mungu. Asiponyanyuka, ni Mungu, na sisi tumzike, tuimbe kwa sauti nne, Jumapili inayofuata tufungue mlango kama kawaida. Kisha akanishika kidole, akataka nimwapie kwamba akifa sitamruhusu mtu aseme amechukuliwa na Polikarpo. Maneno yake ninayo mpaka leo: "Bupe, yule hakuniumba. Atanichukuaje?"

Nilirudi nyumbani nikamsimulia Gaspar. Baadaye nilimwona anatoa sufuria kwenye maboksi, moja moja, anazirudisha kabatini.

Jumapili iliyofuata tulifungua mlango. Tulikuwa wachache, na Mzee Kornelio aliongoza ibada huku jicho moja liko barabarani, lakini aliongoza. Kila nikimkumbuka alivyosimama na kitabu cha nyimbo mkononi namheshimu zaidi.

Mungu alipenda, mama akapona. Siku aliyorudi kanisani hapakuwa na pa kukaa, wengine walisimama nje kwenye jua. Walikuja kusikia ushuhuda wa ushindi. Kwaya ikasimama na wimbo wake wa jogoo. Haikumaliza ubeti wa kwanza, mama akainua mkono kuwazuia.

Akasema anaomba radhi kuwaharibia wimbo, lakini yeye hakuwa shujaa wa kitu chochote. Yule jogoo alidhani ni sadaka. Alikuja kuambiwa na Mzee Kornelio akiwa kitandani hospitali, na siku hiyo alitetemeka mpaka muuguzi akaja kumpima homa. Akasema angelijua mapema angekimbia na viatu mkononi mpaka stendi ya Rangi Tatu. Kwa hiyo wasiseme imani ya Kokuberwa ilishinda, kwa maana Kokuberwa alikuwa mjinga anayekula kuku. Mungu alikuwa anamtazama alipokuwa hajui na hana hofu, na alikuwa anamtazama alipojua na kuogopa, naye ni yuleyule. Basi akakaa.

Wapo walionuna. Mwalimu wa kwaya mpaka leo anamsalimia kwa mbali. Lakini mimi, Baba, nilimpenda mara mbili. Ni nani hapa mjini aliyepewa sifa ya bure akairudisha mbele ya watu?

Mwinjilisti alipotoka nje siku hiyo, Polikarpo alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara. Akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kama alimla jogoo mzima na hakusikia chochote. Mama akamjibu kwamba alisikia meno yakimuuma, maana alikuwa mgumu, na siku nyingine alete aliye mchanga kidogo. Yule bwana alicheka mpaka akakohoa. Usidhani ameokoka. Kibao chake kipo palepale kwenye nguzo. Ila mkewe, Margareta, huja mara mojamoja, anakaa benchi la karibu na mlango.

Sasa nifike kwako. Mzigo uliompa Augustine wa basi aniletee umefika. Mchele ni mzuri, maharage pia, ndaga fijo, asante sana. Na chini ya maharage nimekikuta kile kifurushi cha kitambaa cheusi. Augustine alinipa maelezo kama ulivyomwagiza, kwamba ndani mna hirizi mbili, moja niizike kizingitini na nyingine niivae kiunoni, na Gaspar asijue.

Niliwaka, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha katekisimu kwa mwanga wa kibatari. Nikakibeba mpaka kwa Mwinjilisti, nikamwambia akichome mbele ya kanisa zima, kwaya ikiimba. Alikitazama, akanirudishia. Alisema ile ni hofu ya mzazi aliyefiwa na wajukuu wawili, na hofu ya mzazi haichomwi hadharani, inajibiwa. Akaniambia nikamwandikie baba yangu. Ndiyo maana unasoma haya.

Na kuna jambo ambalo hata Mwinjilisti alinisihi nikuambie wewe kabla ya watu wengine. Nina mimba, Baba. Ni ya miezi sita, imepita pale wenzake walipoishia. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungepanda basi kuja kunichukua. Nakwenda kliniki. Daktari amesema ni presha iliyoniangusha mara zile mbili, nameza vidonge vyake, nafundisha nimekaa, na Gaspar ndiye anayebeba maji, anafua, anapika ugali wenye madonge.

Sijui itakuwaje. Sikuambiwa. Nikijifungua salama, ni Mungu. Nikizika wa tatu, ni Mungu huyohuyo, nami nitalia mpaka nichoke. Lakini siku hiyo, nakuomba kwa magoti, usije ukaniambia ni kwa sababu sikuvaa ile hirizi. Hilo sitaliweza.

Kifurushi kinarudi pamoja na barua hii, Augustine anacho, fundo halijafunguliwa. Usikitume tena. Chumba cha uani kina kitanda na chandarua, na basi la Tukuyu lipo kila siku. Ukiogopa, njoo uogope hapa, karibu yangu. Mimi pia naogopa.

Msalimie Mama mdogo, Allen, na wote wanaoniulizia. Mwinjilisti anakusalimu, ingawa hamjaonana, na anasema ndizi za Tukuyu haziwezi kufikia za kwao.

Mimi mwanao nikupendaye,
Bupe.