Waya Mwembamba wa Kompyuta Yako

Mwanangu,

Sisi wazima. Ile kompyuta uliyoiunda mwenyewe imegoma kuwaka. Nikasema fundi ni fundi tu, nikaifungua kwa bisibisi ya cherehani. Nimepuliza vumbi, nimebadilisha waya wa umeme, nimesugua memori kwa kifutio, kimya.

Jana nikagundua: waya mwembamba wa swichi umechomoka! Nikapiga kelele kwa furaha. Mama yako akasema, "Usiuguse. Niliuchomoa mimi."

Kumbe dada yako alikuwa akiiwasha, na mama akisikia feni inavuma, alikimbilia chumbani kwako akidhani umerudi. Waya aliujua, maana ndiye aliyekushikia tochi ulipokuwa ukiiunda.

Nimeuacha unaning'inia. Njoo uuchomeke mwenyewe.

Baba yako,
mshona nguo