Sahani Niliyoishusha kwa Soja

Shefu Wafula,

Sijui wafu huamkuliwa vipi, kwa hivyo nakusalimu vile nilivyokuwa nakusalimu ukiingia jikoni asubuhi na hiyo kofia yako: niaje mkubwa! Na wewe ungejibu, "Mkubwa ni sufuria, kijana. Nenda ukaioshe." Sasa hakuna wa kunijibu, na nina hasira. Usiponisikiliza wewe, sijui nitamwambia nani.

Wamenizuilia cheti, Shefu. Mimi! Musyoka wa Uthiru, mkono mwepesi kwa kitunguu kuliko wote hapa katikati ya jiji, na usibishe kwa sababu kwa mara ya kwanza huwezi.

Wacha nianze mwanzo. Tangu tukuzike kwenu Bungoma, chuo kimepata mwalimu mwingine wa upishi. Anaitwa Shefu Dennis, ametoka mkahawa mmoja Kilimani, ule wa watu wanaopiga chakula picha mpaka kinapoa. Si mtu mbaya. Ananukia vizuri hata. Lakini siku ya kwanza tu aliondoa benchi lako la kando ya sinki, akasema linaziba njia.

Linaziba njia! Si hapo ndipo ulikuwa unakaa siku ya mtihani? Chakula chetu kilikuwa kinaliwa na watu wa jengo, soja wa mlangoni, wale wa kufagia ngazi, wasusi wa orofa ya pili. Sahani zikirudi, wewe na Mama Akinyi wa kuosha vyombo mnazikagua moja moja kabla hazijaingia majini. Mfupa umenyonywa, unaandika. Wali umesukumwa kando, unaandika. Siku moja nilikuuliza kwa nini usionje tu upeane alama kama walimu wengine. Ukasema, "Mimi nakupenda, nitakuongezea. Hao hawakujui." Nilicheka. Sikujua umenipa somo, nilidhani umenipa sifa.

Na usijifanye umesahau vile nilivyoingia pale. Niliacha shule kidato cha pili, sina karatasi yoyote ya maana. Ukaniuliza vyeti viko wapi, nikakuambia viko njiani. Ukaniwekea kitunguu na kisu, ukasema, "Basi katakata tukivingoja." Nikajikata kidole dakika hiyo hiyo. Ukaniambia damu ya Mkamba haiko kwenye orodha ya viungo. Nami nikakujibu kwamba Mluhya akishaona kuku haulizi viungo. Jikoni wote wakaweka visu chini, wakingoja unifukuze. Ukanipa aproni.

Sasa sikia mtihani wa wiki iliyopita. Kuku wa kujazwa mchicha, viazi vya kuponda na mchuzi wa uyoga. Kila mtu ampakulie Shefu Dennis sahani moja. Yeye anazunguka na simu, anapiga picha kutoka juu, anamkata kuku kipande kama ukucha, anaonja, anaandika. Halafu unatia sahihi kwenye karatasi ya alama, na anasema neno moja: "Mwaga."

Shefu, tulikuwa kumi na wawili. Kuku kumi na wawili wa kwenda kwenye mfuko mweusi! Mama Akinyi alikuwa ameambiwa akae nje siku hiyo, eti anasumbua. Alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani, ananiangalia kama ni mimi niliyemfukuza. Na kule chini Mzee Mwangi, soja, alikuwa ameshanawa mikono. Hakuna aliyemwambia mambo yamebadilika. Nilipopita asubuhi aliniambia, "Musyoka, leo sijakula, nakungoja wewe."

Zamu yangu ilifika. Picha, ukucha, kalamu. Nikasoma alama zangu: kuku nane juu ya kumi, mchuzi nane, viazi kumi. Kumi! Viazi vyangu nilikuwa nimevipanga kama maua ya harusi, na mchuzi nimeuchora duara kuzunguka. Nikatia sahihi kwa mbwembwe. Akasema, "Mwaga."

Nikaibeba sahani, nikaupita mfuko mweusi, nikampita Mama Akinyi, nikashuka ngazi orofa tatu na aproni yangu. Nyuma yangu nikasikia, "Wewe! Wewe Musyoka!" Sikugeuka. Nilimwekea Mzee Mwangi sahani juu ya kile kimeza chake cha kitabu cha wageni, nikasimama hapo na kidevu juu nikingoja kusifiwa.

Kuku aliisha. Mchuzi aliufuta kwa kidole. Viazi akaonja kijiko kimoja, akaacha.

"Mzee, na hivi viazi?"

"Kijana, kuku ni ya mfalme. Lakini hii waru, ulikuwa unapikia ng'ombe? Chumvi ni ya wiki nzima!"

Nikaonja. Aki Shefu, nusura niteme. Nilikuwa nimetia chumvi kwenye maji, siagi nayo ilikuwa ya chumvi, na mwishoni nikaongeza tena kwa sababu ya woga. Sikuonja hata mara moja. Nilikuwa nachora duara! Wewe ungenipiga na taulo. Kosa ni langu, silikatai. Lakini zile kumi juu ya kumi zilitoka wapi? Mtu yule hakugusa viazi. Aliviangalia tu.

Hapa mwenye akili angenyamaza achukue kumi zake aende nyumbani. Mimi nilipanda zile ngazi mbio, nikaingia mbele ya wenzangu wote, nikamwekea Shefu Dennis sahani mbele yake. "Mwalimu, onja hizi viazi. Ni mbaya. Umenipa kumi za bure." Kuna mtu alicheka nyuma. Shefu Dennis hakuonja. Alisema nimetoa chakula nje ya chumba cha mtihani, na hiyo ni kinyume cha sheria. Akafuta alama zangu zote, kuku na mchuzi pia.

Ofisini wakaniambia hivi: niandike barua ya kuomba msamaha kwa kushusha ile sahani, wanirudishie alama zote pamoja na zile kumi, na cheti changu nipewe. Nikikataa, narudia kozi tangu muhula wa kwanza. Na kuna hoteli kule Kilimani wamenishikia nafasi mpaka mwisho wa mwezi, lakini wanataka cheti. Mama yangu ameshawaambia majirani. Uthiru yote inajua naanza kazi. Mimi mwenyewe ndiye nimetangaza, unanijua mdomo wangu.

Nilikwenda kwako Dagoretti Corner kumwona mama watoto wako, nikidhani ataniambia niandike tu yaishe. Alinipa chai, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Viazi umevipika tena?" Nikasema bado. Akasimama akanionyesha jiko lako.

Nilivipika, Shefu. Nikaonja mara tatu. Watoto wako walivimaliza na wakaomba vingine, na yule mdogo hajui kudanganya, nyinyi wenyewe ndio mlimlea vibaya hivyo.

Basi barua nimeiandika, na leo asubuhi nimeipeleka. Nimeomba msamaha kwa kumfokea mwalimu mbele ya watu kwa sauti ile. Nimeomba msamaha kwa chumvi. Zile kumi nimewarudishia, nimesema wazi si zangu. Kwa kumpa Mzee Mwangi chakula, sikuandika neno. Karani aliisoma akaniuliza, "Hii ndiyo yote?" Nikamwambia ndiyo hiyo. Akatikisa kichwa, akaniandika kwenye orodha ya muhula ujao.

Nimelia kidogo kwenye ngazi, usimwambie mtu huko.

Kwaheri, Shefu. Pumzika sasa, miguu yako ilisimama sana. Hoteli ya Kilimani nitawapigia kesho niwaambie ukweli, wakichukua mwingine, wachukue. Jumatatu nitakaa na wale wageni wa muhula wa kwanza, mimi mrefu kuliko wote, nikifundishwa upya kushika kisu. Watanicheka. Nakuahidi nitamaliza, na jina langu litatoka kwenye cheti hicho na alama nilizopika mwenyewe.

Wako mtundu,
Musyoka