Maji ya Kiringye Tuliyofunga

Siku ya ine tangu tukimbie. Jua iko kali hapa Kasenga ya Uvira, na upepo ya ziwa imekatala kuya. Mukamwana wangu iko anaandika mu telefone vile minye nasema. Nimemwambia asinyooshe maneno yangu.

Mupunga yetu iko inakufa.

Zamani, sisi ba Kiringye tulikuwa tunaacha maji ilale mu shamba tangu kupanda mupaka karibu ya kuvuna. Njo vile mama yangu alilima, na miguu yake ikapasuka juu ya tope, masikini, kila mangaribi anapaka mawese... Basi, tuache miguu. Agronomu mumoja, bwana wa kilimo, akakuya. Akasema mvula haina tena adabu, na maji yenye kulala inaozesha tope, tope inatoa hewa yenye kupasha dunia moto. Nikamuuliza mbele ya bantu: "Ni kusema tope iko inajamba?" Akacheka mupaka machozi. "Ndiyo, mama. Inajamba."

Akatufundisha kufunga maji, udongo ikauke mupaka ipasuke kidogo, kisha kufungua tena. Nilijaribu. Kiangazi ilipiga bote, mupunga yangu ikabaki imesimama. Njo banamama bakanifuata. Minye mwenye sijue ata kuandika jina yangu, nikakuwa mwalimu!

Kisha hii vita. Tuliziba mulango ya mufereji na kigogo cha mugomba, vile tunafanyaka, na mangaribi ile ile masasi ya bunduki ikalia upande ya barabara. Tukakimbia na nguo za mwili. Nani anarudia kufungua maji na mutoto mu mugongo?

Kama tungelima ya zamani, maji ingekuwa ndani mupaka leo.

Hii njo iko inanikula. Mafundisho haikuwa mubaya. Iliomba tu muntu wa kurudia shamba, na vita haituachi kurudia. Sasa mupunga iko na mimba. Ikikosa maji hii wakati, itazaa maganda matupu. Na sisi tuko bengi mu chumba moja, tunakula sombe, majani ya mihogo, yenye haina ata mafuta. Banamama benye balinifuata bamekimbilia Kimanga, hapa karibu. Tukikutana kwa robine ya maji, bananisalimia tu, pole pole.

Afazali bangenitukana.

Leo asubui nikapigia Baba Riziki, jirani yangu wa shamba. Ule muzee alikatala mafundisho, akakatala pia kukimbia.

"Shemeji, mulango ya maji iko namna gani?"

"Eh, mwalimu wa kukausha! Leo weye njo unatafuta maji?"

"Utanicheka kesho. Unaweza kuvuta kile kigogo?"

"Ba bunduki baliweka bariyeri ya kufunga njia pale pale. Kigogo yenu, banakalia kama kiti."

Nikamwambia: "Basi acha ikufe, shemeji. Mupunga haiko muntu."

"Minye niko muzee, bananionaka sawa mbuzi inapita. Nitaenda kubaomba basimame kidogo."

"Usiende!"

"Na bibi yangu naye, huko Uvira, atakula nini? Maneno yako?" Akacheka. Simu ikakatika.

Tangu ile saa, telefone yake haipiti.

Nitasema ukweli, sababu mu hii maandiko hakuna wa kunikatala. Wakati alisema anaenda, roho yangu ilifurai kwanza. Woga ilikuya nyuma. Mudomo ilisema asiende, lakini tumbo ilikuwa tayari inasikia muchele.

Bibi yake anakaa nyumba ya tatu toka hapa. Nimemuona mbele ya mulango, iko anapepeta unga, akanipungia mukono. Nikapunga pia. Nikapita.

Mungu wangu, kama maji imeingia mu shamba na Baba Riziki hakurudi, ule muchele nitaupika mbele ya huyu mwanamuke namna gani?