Miti Katikati ya Mahindi

Alder Fork, Nebraska,
Marekani.
14 Septemba, 2024

Mpendwa Baba Mkubwa Eliufoo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na goti limeacha kukusumbua. Mama Mkubwa Aikaeli hajambo? Ng'ombe ameshazaa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi imeanza kubisha hodi.

Swali lako, kama tukiuze kihamba, shamba letu la ukoo, kwa yule anayetaka kujenga hoteli, halijanitoka kichwani. Kweli kwa desturi yetu mimi kitinda mimba ndimi mrithi wa nyumba ya baba, na siku ile kwenye simu nilikaribia kusema uza tu. Ngoja kwanza nikueleze mji huu.

Baba Mkubwa, nchi hii ni bapa kama sinia! Hakuna kupanda wala kushuka. Ukiuliza njia unaambiwa kaskazini, magharibi, nami nabaki natafuta kilele chetu cha Kibo kiko wapi. Mahindi yanaanzia nyuma ya kanisa na kuishia mbinguni.

Zamani hapa waliishi wenyeji wa asili, Wapawnee, wakaondolewa. Reli ikaja, na nyuma yake wakulima Wajerumani, Walutheri kama sisi. Wakajenga shule, benki, na kanisa lenye kengele. Leo shule imefungwa, na treni inapita bila kusimama.

Kwenye kituo cha wazee ninapofanya kazi yuko Bibi Hilda. Jumapili moja aliniomba nimpeleke kwao. Katikati ya mahindi tukakuta mstari wa miti, basi. Baba yake aliipanda kukinga upepo. Watoto walihamia mijini, shamba likauzwa, nyumba ikabomolewa, pakalimwa mpaka mlangoni. Kumbe kila penye miti kama ile palikuwa na familia, na miti hiyo imetapakaa hadi macho yanapofika!

Bibi alizunguka akitafuta mlango ulikuwa wapi, asipaone. Akaniuliza, "Na kwenu nani yupo?" Nikamwambia baba na babu wamelala palepale nyumbani, kwenye migomba, na kahawa tunachuma pembeni yao. Akanishika mkono, hakuniachia mpaka garini.

Baba Mkubwa, tafadhali usiuze. Desemba nakuja. Niandalie miche ya isale, mmea wetu wa kuweka mipaka, niipande mpakani kwa mkono wangu, yule mtu wa hoteli aione.

Nisalimie Mama Mkubwa, dada Loveness na Eliudi. Mwambie Eliudi ndizi za mtori asizimalize. Mungu awafunike nyote kwa amani yake.

Mwanao akupendaye, mwenye kihamba,
Isack