Kidole Nilichomnyooshea Laoban

Jumanne.

Kidole tu kimeniponza. Mpaka sasa naona haya.

Mjomba kule Arusha analengaga makopo kwa bastola, klabuni kwao. Risasi anamimina mwenyewe, za baruti kidogo, zisimrushe mkono. Kaniagiza madini ya risasi laini, yale ukikwaruza na ukucha yanaacha alama.

Mama Neema, aliyenileta huku Guangzhou, akanipeleka kwa laoban, yaani mwenye duka, anayemuuziaga vyuma vya risasi vya kuzamishia nyavu. Nikakwaruza kimoja. Laini kweli. Laoban akauliza kwa mikono, ya kazi gani? Kichina sijui. Nikamnyooshea kidole kama bastola.

Akakunja uso, akashika simu kama anaita polisi. Mama Neema akanishusha mkono, akaongea naye huku anajigusa kichwa. Laoban akacheka, akanipa pipi. Nikaila.

Nje ndo mama ananiambia, "Wee! Bunduki huku haitaniwi. Nimemwambia kichwa chako hakiko sawa."

"Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Kesho tunarudi kuchukua mzigo wangu. Ukae vilevile."

Ya mjomba hata sikununua. Na kesho akinipa pipi nyingine, itabidi nifurahi.