Rili ya Kuvulia Kwenye Barafu, na Sauti Uliyoisikia

Mama Neema, mke wangu,

Naomba karatasi hii ikukute mzima, wewe na mtoto na baba. Mimi ninaamka, ninakula, kazini ninakwenda. Baba goti lake linaendeleaje? Bado anashuka bwawani kutazama maji, au mmemzuia? Na zabibu za mwezi wa pili zilitokaje? Yule mnunuzi aliyekuja na mzani wake mwenyewe akirudi tena, mwambie apime kwanza debe la mahindi ambalo uzito wake unaujua. Akikataa, mwache aende zake.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu hupokei, wiki ya pili sasa. Barua hii inaletwa na Swalehe wa Chemba, yule tuliyepanda naye ndege siku ya kuja huku. Anakuja likizo. Nimeandika jina langu juu ya mfuniko wa bahasha, nusu huku nusu kule. Ukiona herufi hazikutani vizuri, ujue imefunguliwa njiani. Swalehe ni mtu mwema, lakini safari ni ndefu na watu wana udadisi.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ile Jumanne ulisikia sauti ya mwanamke. Ukaniuliza, "Nani huyo?" Nikakujibu, "Ni redio." Halafu ile redio ikaita, "Nyemo, njoo, chakula kinapoa!" Ukasema, "Redio gani hiyo inayokujua jina?" na simu ikakatika. Nilikaa na simu mkononi kama mjinga. Ni kweli nilikudanganya. Nitakueleza yote, kisha utaamua mwenyewe.

Huyo mwanamke anaitwa Bibi Helga. Ni mama mzazi wa bosi wangu, mwenye hili shamba la ng'ombe wa maziwa. Umri wake ni wa bibi yako aliyeko Buigiri, labda amemzidi kidogo, na meno ya juu huyatoa akitaka kula. Ndiye yule "mwenzangu wa kuvua" niliyekuwa nakutajia tangu Desemba. Sikusema ni mwanamme, wala sikusema ni mwanamke. Kiswahili kinaruhusu hivyo, nami nikajificha humo. Niliona aibu. Mwana wa Hombolo, niliyekua natega kambale na perege, nifundishwe kuvua na bibi kizee? Mwanzo ilikuwa aibu tu. Baadaye ilizidi aibu, na huko ndiko ninakokwenda.

Uliniuliza siku moja, ziwa lililoganda linavuliwaje. Nikaona hukuamini nilivyokujibu. Wala mimi sikuamini mpaka nilipoona. Maji ya juu yanakuwa mwamba, hata gari linapita. Mnatoboa tundu kwa keekee ndefu, tundu la upana wa sufuria ya wali, mnakaa juu ya ndoo mkiinamia hilo tundu. Samaki wapo chini, hai kabisa. Fimbo yenyewe ni fupi, haifiki urefu wa mkono wangu, na juu yake inafungwa rili, yaani kigurudumu kinachokunja mshipi. Ukitaka samaki apande, unazungusha mkono wa rili.

Bibi Helga ndiye aliyekuja kuniita. Nilikuwa namaliza kukamua, akasimama mlangoni mwa banda amevaa makoti mawili, akasema, "Kijana, una mabega. Njoo unibebee keekee."

Nikajiuliza, mbona mimi? Wafanyakazi tuko wanne. Na mkataba wangu unakaribia kuisha. Nikasema moyoni, huyu katumwa na mwanawe anichunguze. Na kweli, tulipofika ziwani maswali yakaanza. Nyumbani kwenu kuna nini? Mkeo anaitwa nani? Unapenda kazi? Unafikiri kukaa? Nikawa namjibu kama mtu aliyeko mbele ya hakimu. Kazi naipenda. Ng'ombe nawapenda. Baridi naipenda. Akanitazama akasema, "Baridi hii haipendwi na mtu mwenye akili." Nikajua amenikamata.

Lakini nilirudi, Mama Neema. Nilirudi Jumamosi iliyofuata na nyingine tena. Huku siku za baridi giza linaingia mapema, na mtu ukimaliza kazi unakaa chumbani unatazama ukuta. Kule ziwani angalau kuna mtu anayeniuliza jina lako.

Nilikuwa natumia rili yake ya akiba, nikaona si vizuri kutegemea kitu cha mtu ambaye huenda anakupeleleza. Nikaamua kununua yangu. Mjini kuna duka moja la vifaa vya uvuvi. Muuzaji alinipokea kwa kicheko kirefu mno, akanionyesha rili inayong'aa kama pete ya harusi, akaanza kuhesabu beringi zilizomo ndani, vile vigololi vya kulainisha mzunguko. Kadiri alivyohesabu, ndivyo bei ilivyonitisha. Nikamwuliza, "Na hii ikiwa kwenye baridi kali inakuwaje?" Akasema, "Haina tatizo." Hakufikiri hata kidogo kabla ya kujibu. Mtu anayejibu upesi hivyo namwogopa.

Bibi Helga alikuwa nyuma yangu. Akaivuta ile rili mkononi mwangu, akairudisha mezani. Akaenda mpaka kwenye kapu la vitu vilivyotumika, akatoa rili moja nyeusi iliyochubuka, nene, ya mtindo wa gurudumu lililosimama wima. "Hii," akasema. "Mshipi unatoka umenyooka na unarudi umenyooka, haujipindi. Vyuma vyake ndani ni vichache, kwa hiyo hakuna kingi cha kuganda. Na mkono wake unashikika ukiwa na glavu. Bei yake utaiweza."

Nikakaribia kuichukua. Ndipo nikasikia yule muuzaji akimwita "shangazi."

Nikairudisha kapuni. Nikajiambia, kumbe! Mtu na shangazi yake. Mmoja anatisha kwa bei kubwa, mwingine anatokea na bei ndogo, na wewe mgeni unaondoka na chuma kilichowashinda wenyewe, unashukuru. Unakumbuka viatu alivyoniuzia yule mwenzangu wa kazini mwezi wa kwanza niliofika, vikaachia soli kwenye theluji? Nilikwisha kuapa sitafanywa hivyo tena.

Nikaagiza yangu kwa simu, kwenye mtandao, mpya, rahisi, picha yake inapendeza. Ilipofika niliizungusha chumbani ikaenda laini kama siagi. Nilicheka peke yangu. Nilipomwonyesha Bibi Helga, hakuisifu wala hakuiponda. Alisema tu, "Iache nje kwanza, halafu uizungushe." Nikaona ni wivu. Sikuiacha nje.

Jumamosi ile ilikuwa nyuzi ishirini na kitu chini ya sifuri, na upepo. Tulitembea kama kawaida, yeye mbele anagongagonga barafu kwa nondo, mimi nyuma nakanyaga alipokanyaga. Tumekaa kidogo, fimbo yangu ikainama mpaka ikagusa barafu. Samaki mkubwa! Nikashika mkono wa rili nizungushe. Hauzunguki. Mafuta ya ndani yalikuwa yameganda kama shahamu ya kondoo kwenye sahani. Breki nayo haikuachia mshipi hata kidogo, na huku samaki anavuta. Nikazungusha kwa nguvu, mkono wa rili ukapinda. Glavu zilikuwa nene, sikuweza kukamata kile kiskrubu kidogo cha breki. Nikazivua. Nikaweka na fimbo chini, nikaanza kuuvuta mshipi kwa vidole vitupu, umelowa maji ya barafu.

"Vaa glavu!" Bibi Helga akapaza sauti. "Mwache samaki!"

Sikumwacha. Nilifikiri anataka nishindwe ili rili ya mpwa wake ionekane ndiyo bora. Ndivyo nilivyofikiri, Mama Neema, nisikufiche. Mshipi ukakatika, samaki akaenda. Nilipotaka kuvaa glavu, vidole vya mkono wa kulia vilikataa kukunjana. Cha shahada na cha kati vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Mimi, Mgogo mweusi, nina vidole vyeupe. Nikavigonga kwenye ndoo, nikasikia sauti ya ndoo, sikusikia maumivu. Nikaanza kuvisugua kwa nguvu.

"Usisugue!" Akaja mbio, yule bibi wa miaka ile, kwenye barafu inayoteleza. Akafungua zipu ya koti la kwanza, akafungua vifungo vya la pili, akaukamata mkono wangu na kuutia kwapani mwake, akaubana. Tulikaa hivyo juu ya ndoo mbili, bega kwa bega, kwa muda mrefu. Akawa ananiuliza, "Unasikia kitu?" Nami najibu, "Hapana." "Sasa?" "Hapana." Kisha maumivu yakaja, nikalia kama mtoto. Naye hakusema, "Nilikuambia."

Hilo ndilo nililokuficha. Ningekuambiaje kwa simu kwamba mwanamke alinitia mkono kwapani? Na ningekuambia habari za vidole, ungemwambia baba, baba asingelala. Ndiyo maana tangu siku ile nimekuwa napiga simu bila picha. Nilisema kamera imeharibika. Kamera ni nzima.

Kesho yake bosi akaniita ofisini. Nikajua yamekwisha: bibi amesema, mkono wangu hauwezi kazi, mkataba ndio basi. Nikasimama mlangoni, mkono nyuma. Bosi akasema, "Mama ameniambia uwekwe kwenye kuandaa chakula cha ng'ombe, ndani, mpaka upone. Kamua ukishapona." Nikangoja neno baya. Akasogea karibu, akashusha sauti. "Ila niambie kitu kimoja. Mnatoboa upande gani wa ziwa? Namwuliza kila wiki, hataki kuniambia."

Nikasema, "Mama hakuambii habari zetu?"

"Haniambii kitu! Hata jina la mkeo nalijua kwa sababu alimwombea mezani."

Nilirudi bandani, nikasimama kati ya ng'ombe sijui niangalie wapi. Miezi mitatu nilikuwa nampima yule mama kwa kila neno, kumbe alikuwa anataka tu mtu wa kukaa naye penye tundu. Mumewe alifariki, na watoto wake hawapendi kuvua.

Jioni ile nikamfuata, nikamwambia yote: kupelelezwa, mpwa wake, wivu. Alisikiliza huku anamenya viazi. Akasema, "Mpwa wangu? Yule anauza hata kisichofaa. Ndiyo maana huwa nakwenda kapuni mwenyewe." Akaendelea kumenya.

Vidole vilipopata ngozi mpya tukarudi dukani. Ile rili nyeusi ilikuwa bado kapuni. Lakini usidhani nimegeuka mtu wa kuamini hovyo. Nilimwambia muuzaji aiweke nje kwenye theluji tukinywa kahawa, ndipo nitoe pesa. Akanuna. Shangazi yake akamtazama, akaitoa nje. Tulipoichukua ilikuwa na ukungu mweupe juu, nikavaa glavu, nikazungusha. Ikazunguka. Nikaachia breki, mshipi ukatoka taratibu bila kushtuka. Nikainunua.

Na ile Jumanne, tulikuwa tumempata samaki wetu mzuri wa kwanza kwa rili hiyo. Nilimpika kwa kitunguu na chumvi, nikasonga ugali wa unga wa mahindi alionigawia Swalehe. Nikatoka jikoni kwa Bibi Helga kukupigia kabla sijala. Mengine unayajua. Mezani pale tulikuwa yeye, bosi na mke wa bosi. Nimeweka picha humu. Bibi ndiye aliyeshika tonge vibaya.

Cha shahada kimepona. Cha kati ncha yake bado haina hisia. Muuguzi anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Nakamua vizuri, lakini nikishika kitu kidogo kama kifungo, lazima nitazame.

Jumapili ya kwanza baada ya Swalehe kufika, ibada ikiisha, nitapiga kwa picha. Nitakuonyesha mkono, na Bibi Helga ameomba akusalimie. Uliza unachotaka, umwulize yeye pia, nitatafsiri bila kupunguza. Kama humwamini mtafsiri, mlete mwalimu wa Kiingereza wa Neema akae pembeni. Sitakasirika.

Jambo la mwisho, na hili nimelichelewesha kwa makusudi. Bosi amenipa karatasi ya mwaka mwingine. Ipo mezani hapa, sijaitia saini. Zamani ningesaini kwanza, kisha nikuambie. Safari hii nangoja neno lako. Ukisema nibaki, nabaki. Ukisema nirudi, nitakuwa shambani kabla ya zabibu za mwezi wa nane, tupime wote wawili.

Nipelekee shikamoo yangu kwa baba, mwambie barafu ya huku inabeba mpaka trekta, najua atakataa. Shikamoo kwa mama mkwe. Msalimie dada yangu Mbeleje wa duka la mashine, na mchungaji. Neema mwambie baba yake amemtunzia magamba makubwa ya samaki, yamo kwenye bahasha ndogo. Ninyi nyote nawasalimu kwa Kigogo chetu: mbukwenyi.

Mumeo,
Nyemo, Baba Neema